Jinsi ya kuchambua kazi ya sanaa kwa simu na laptopu, tukianza na mlango mmoja wa Bagamoyo

Chagua mlango mmoja. Mmoja tu jamani, sio unazunguka Mji Mkongwe wote unapiga picha mia mbili halafu ukifika nyumbani hujui upi ulikuwa Mtaa wa India na upi ulikuwa kule karibu na soko la samaki. Nimechagua milango ya nakshi kwa sababu ipo hapa hapa Bagamoyo, na ni kazi ya mikono ambayo ukiikazia macho ina mambo mengi kuliko watalii wanavyodhani wakisimama pale dakika moja na selfi yao. Ukishaumudu mlango mmoja, mchoro wa Tingatinga utauweza, kinyago cha Kimakonde utakiweza, kanga utaiweza, hata nguzo za makaburi ya Kaole.

Na niseme kabisa msimamo wangu, kompyuta kazi yake ya kwanza ni kukusaidia KUONA. Mapambo baadaye. Watu wanafungua slaidi wanaweka maandishi yanayozunguka na maua pembeni na muziki juu, ukimuuliza hiyo nakshi inaanzia wapi na inaishia wapi hajui, hajaiangalia.

Haya, kabla ya simu kutoka mfukoni, piga hodi. Ile ni nyumba ya mtu.

"Hodi wenyewe!"
"Karibu."
"Shikamoo bibi. Naomba kupiga picha mlango wako, nasoma hizi nakshi."
"Marahaba mjukuu wangu. Picha ya nini, unaenda kuuza?"
"Hapana bibi, ya darasani. Na wewe nitakuletea yako."

Ukiahidi picha peleka, maana mwenzako atakayekuja baada yako ndo atakayefungiwa mlango. Na hapo hapo ukiwa umekaribishwa omba ruhusa uwashe rekoda ya simu umuulize mlango umekuwepo tangu lini, nani aliurithi, uliwahi kutengenezwa, ni mbao gani zimebadilishwa. Hayo hayapo Google wala hayatakuwepo. Majengo ya serikali na magofu kama Kaole utaratibu ni mwingine, kule unalipa kiingilio na unauliza getini kuhusu kupiga picha, hasa ukija na stendi na vifaa vinavyoonekana vya kikazi.

Sasa mwanga. Hapa ndo kila kitu. Bahari yetu iko upande wa mashariki, kwa hiyo mlango unaotazama baharini asubuhi unapigwa na jua usoni, na jua la usoni linaua nakshi kabisa, picha inatoka bapa kama karatasi. Subiri. Kwenye saa tano au saa sita hivi jua likishapanda linakuwa linaparaza uso wa mlango kutoka juu, kila mchongo unatupa kivuli chake kidogo, na hapo unaanza kuona hata alama za patasi. Mlango ulio chini ya kibaraza jua halifiki, basi njoo magharibi giza likianza kuingia na rafiki mwenye simu nyingine, awashe tochi akiwa ameiweka ubavuni kabisa mwa mlango, karibu na ukuta, mwanga ukimbie juu ya mbao. Mwambie asogeze taratibu kutoka kushoto, halafu juu, halafu kulia, na wewe piga kila pozi bila kuhamisha simu yako hata kidogo. Wataalamu wa makumbusho wana mbinu yao kubwa ya kompyuta inayounganisha picha za namna hii, taa inahama kamera imetulia, wanasoma nayo hadi maandishi yaliyofutika kwenye mawe. Wewe na hiyo tochi moja ya rafiki unapata sehemu nzuri tu ya faida hiyo. Flashi ya simu yako mwenyewe izime.

Ila piga pia seti moja kwenye kivuli, mawingu yakifunika jua au mlango wote ukiwa upande wa kivuli, kwa ajili ya rangi. Kwenye hiyo seti shikiza karatasi nyeupe ya A4 pembeni ya mlango. Karatasi itakusaidia mara mbili, kwanza rangi, utaiambia programu hapa ndo pawe peupe na rangi ya mbao itajirekebisha, pili kipimo, A4 ni sentimita 21 kwa 29.7 dunia nzima kwa hiyo mtu yeyote akiiona anajua mlango una ukubwa gani. Ukiwa na futi ya fundi cherehani iweke pia.

Simama mbali. Lenzi ya simu ni pana, ukisogea karibu mlango unavimba katikati na miimo, zile nguzo mbili za pembeni, inapinda. Rudi nyuma hatua kadhaa utumie lenzi ya mara mbili kama simu yako inayo, washa zile mistari ya gridi kwenye kamera, simu iwe usawa wa katikati ya mlango na isimame wima, usiielekeze juu. Najua mitaa yetu ni myembamba na bodaboda zinapita, fanya unachoweza, kilichopinda kidogo tutakinyoosha kwenye laptopu. Kitu kimoja usifanye, usivute picha kwa vidole mpaka mwisho ukidhani umepata karibu. Simu nyingi za siku hizi zikiishiwa taarifa zinabuni, zinalainisha na kuchora michirizi yake zenyewe, kwa hiyo unaweza ukaja kuchambua nakshi ambayo fundi hakuichonga. Sogea kwa miguu.

Picha unazohitaji sio nyingi: mlango mzima, kizingiti cha juu, mwimo wa kushoto wote, mwimo wa kulia wote, ule ubao wa katikati unaoitwa mfaa, njumu na misumari ya shaba, komeo, chini kabisa miguuni mwa miimo ambako mara nyingi nakshi zinaanzia, halafu ubavuni ili unene uonekane. Jioni hiyo hiyo zipe majina. BGM-M01-mzima, BGM-M01-mwimo-kushoto, namna hiyo. Fungua na jedwali kwenye LibreOffice Calc uandike mtaa, tarehe, saa, mwanga ulitoka wapi, nani kakupa ruhusa, alisema nini. Inachosha lakini ndo tofauti ya mtu anayesoma sanaa na mtu mwenye picha nyingi kwenye simu. Kopi moja ibaki kwenye laptopu, moja kwenye fleshi, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni bando likiruhusu.

Haya tuingie kwenye laptopu. Pakua GIMP, programu ya kuhariri picha, ni bure na inakubali hata laptopu ya zamani, asiye na laptopu atumie Snapseed kwenye simu kwa zile hatua mbili za mwanzo. Hatua ya mwanzo kunyoosha, unachukua kifaa cha perspektivu unavuta kona mpaka miimo isimame wima sawasawa. Ya pili rangi, gusa ile karatasi nyeupe kwa kile kidude cha kuchagua peupe (kwenye GIMP kipo ndani ya Levels). Basi, ishia hapo kwenye kurekebisha. Hifadhi hiyo kama nakala safi, na ile halisi iliyotoka kwenye kamera usiiguse milele, maana faili ya JPEG kila ukiihariri na kuihifadhi tena inapungua ubora, kwa hiyo kazi zako za katikati zihifadhi kwa XCF ya GIMP yenyewe au TIFF.

Sasa utamu wenyewe. Kwanza geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, halafu nenda kwenye Posterize punguza mpaka vivuli vinne hivi. Ghafla unaona mlango kama mafungu ya giza na mwanga, unaona jicho linavutwa wapi kwanza. Milango mingi jicho linaenda kizingitini, fundi aliweka kazi yake kubwa pale, na si ajabu, ndipo mgeni anapotazama akisubiri kufunguliwa.

Pili ni mtihani ninaoupenda kuliko yote. Tengeneza leya, yaani tabaka, ya pili ya picha ile ile, igeuze kushoto-kulia kama kwenye kioo, iweke juu ya ile ya kwanza, kisha kwenye orodha ya modi za leya chagua Difference. Popote ambapo upande wa kulia unafanana na wa kushoto panakuwa peusi, popote panapotofautiana panang'aa. Kitu kilichochongwa na mashine kingekuwa cheusi karibu chote. Kwenye mlango mmoja wa huku niliofanyia hivi, ule mnyororo unaopanda kwenye miimo chini ulikuwa mweusi tii pande zote, maana yake fundi alipima vizuri, ila kadiri unavyopanda mwanga unaanza kuchomoza pembeni ya kila pete, mpaka juu kabisa kwenye kona ya kulia pete ya mwisho ilikuwa imebanwa, nyembamba, kama mtu aliyechelewa kupata siti kwenye Hiace. Upande wa kushoto pete zote ziliingia bila shida. Kwa hiyo nikajua miimo miwili ilichongwa kila mmoja peke yake kutoka chini kwenda juu, na kosa dogo dogo likawa linajumlishwa njiani. Kwa macho matupu mimi nilikuwa nimeupita huo mlango miaka bila kuona. Na misumari ya shaba iliyobadilishwa baadaye nayo inajitokeza hapo hapo kwa sababu haikai sawa na wenzake.

Tatu chora. Fungua Inkscape, weka picha chini, chora juu yake nakshi moja moja kwa mistari safi, mnyororo, yungiyungi, samaki, mtende, waridi. Kuna kitufe cha kuchora kiotomatiki, usikitumie kwa kazi ya kusoma, kitakuletea uchafu wa kila ufa wa mbao, na isitoshe mkono wako ndo unaojifunza hapa. Ukishakuwa nazo kama michoro unaweza kuzipanga kwenye ukurasa mmoja ukalinganisha mlango na mlango. Angalia pia umbo la kizingiti, kwa kawaida pwani yetu vizingiti vilivyonyooka ni mtindo wa zamani zaidi na vile vya nusu duara vikaja kushamiri kuelekea mwisho wa karne ya 19 na ushawishi mkubwa wa Kihindi, lakini mlango unaweza kuhamishwa nyumba hadi nyumba kwa hiyo usitumie kizingiti kutaja umri wa jengo.

Na kuhusu maana za nakshi, taratibu. Utaambiwa mnyororo maana yake mwenye nyumba alikuwa na watumwa, mwingine atakuambia mnyororo ni ulinzi wa kufunga mabaya yasiingie, samaki ni uzazi na riziki, kila mtembeza wageni ana yake. Mimi kwenye slaidi naandika "inaelezwa na wenyeji kuwa" na nataja zote mbili. Wala usiiulize akili mnemba ikutafsirie nakshi kwa picha, itakujibu kwa ujasiri mkubwa kitu ambacho hakuna aliyemwambia.

Ukihamia kwenye michoro ya rangi mambo yanabadilika kidogo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alichora kwenye vipande vya hadibodi za ceiling kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, na wanafunzi wake walioendeleza baada ya kifo chake 1972 nao wakabaki na rangi za kung'aa. Nzuri ukutani, mateso kwenye kamera, kila ukipiga unaona dirisha na paji la uso wako humo ndani. Dawa: toa mchoro nje uweke kwenye kivuli cha baraza, uegemeze wima, nyuma yako tundika kitambaa cheusi au buibui la mtu, na wewe simama nyuma yake simu ichungulie kwenye tundu dogo. Mng'ao unaisha. Kama una miwani ya jua ya polaroidi weka kioo chake mbele ya lenzi uzungushe taratibu, kuna pembe mng'ao unafifia. Halafu kwenye GIMP fanya ule mchezo wa nyeusi na nyeupe, utaona jinsi mchoraji alivyotenga mnyama na nyuma yake kwa mwanga na giza kabla ya rangi, na ukivuta karibu unahesabu tabaka, nyuma ilipakwa kwanza ikakauka, kisha umbo, kisha madoadoa juu.

Kwa michoro ya miambani kama ya Kondoa, ambayo iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, ipo nyongeza inaitwa DStretch iliyotengenezwa na Jon Harman, inafanya kazi ndani ya programu ya bure ya ImageJ. Inavuta tofauti za rangi ambazo jicho halizioni, mwamba ulioonekana mtupu unatoa twiga mwekundu. Huku Bagamoyo haina kazi kubwa lakini ukisafiri kumbuka.

Vinyago je? Kinyago cha ujamaa, wale watu waliobebana kwenye gogo moja, picha moja haikutoshi, hata kumi hazikutoshi. Hapo unatengeneza modeli ya 3D. Weka kinyago juu ya stuli kwenye kivuli uwanjani, kisha zunguka wewe, kinyago kisizunguke, piga picha kila hatua ndogo ili kila picha irudie zaidi ya nusu ya ile iliyopita, asilimia 60 mpaka 80 ndo kiwango kizuri. Mzunguko mmoja usawa wa chini, mmoja katikati, mmoja kutokea juu. Mpingo uliong'arishwa unasumbua kwa sababu programu inachanganywa na mng'ao, ndo maana nasema kivuli. Apu kama RealityScan au Polycam zinakuunganishia, ila fahamu kwamba picha zinapanda kwenye seva yao, picha 80 za MB 4 ni MB 320 za bando, subiri usiku au tafuta Wi-Fi. Kuna Meshroom ya bure inayofanya kwenye kompyuta yako mwenyewe lakini inataka kadi ya michoro ya NVIDIA, laptopu nyingi za chuo hazina. Modeli ikishatoka unaifungua kwenye Blender, programu ya bure ya 3D, unaondoa rangi yote iwe ya udongo wa kijivu, unazungusha taa, na unaona umbo tupu jinsi mchongaji alivyofuata gogo.

Ukitaka kulinganisha na kazi za nje usiridhike na picha ndogo za Google. The Met ya New York ilifungua picha zake nyingi za kazi zisizo na hakimiliki mwaka 2017 ziwe bure kwa matumizi yoyote. Rijksmuseum ya Amsterdam nayo, na 2022 waliweka picha ya The Night Watch ya Rembrandt yenye pikseli bilioni 717, walipiga picha 8,439 wakaziunganisha, unavuta mpaka unaona mipasuko ya rangi. Inakula bando kiasi lakini angalau mara moja mwanafunzi aione, ajue kuangalia karibu maana yake nini.

Kuonyesha sasa. Slaidi tumia LibreOffice Impress, mandhari ya kijivu cha giza au nyeusi bila mapambo, picha moja slaidi moja. Utaratibu wangu ni huu: kazi nzima, kisha kazi ikiwa na mtu pembeni ili ukubwa uonekane, kisha sehemu, kisha sehemu ya sehemu, kisha irudie kazi nzima. Hapo chini kwa maandishi madogo weka jina la kazi kama lipo, aliyefanya au "fundi hajulikani", mwaka ukiujua, nyenzo, kimo kwa upana kwa sentimita, na mahali. Ile picha ya Difference iweke pia, watu wanaipenda, hata wazee wasiojali kompyuta wataanza kubishana pete ipi ilibanwa.

Projekta nyingi za mashuleni ni hafifu na zina pikseli 1024 kwa 768, rangi zinapauka. Kwa hiyo funga madirisha kwa kanga, fika mapema ujaribu, na printi kipande kimoja cha A3 chenye rangi sahihi kizungushwe mikononi. A3 ya viwango kamili vya dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inahitaji pikseli 3508 kwa 4961, ila kwa dpi 150 yaani nusu ya hizo bado inapendeza. Peleka steshenari kwa fleshi, USITUME kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa mpaka upande mrefu unabaki karibu pikseli 1600 na nakshi zinageuka uji. Kama lazima WhatsApp basi itume kama dokumenti. Slaidi nazo toa kopi ya PDF uweke kwenye fleshi maana kompyuta ya ukumbini inaweza isifungue faili yako, na beba kiunganishi cha VGA, projekta za zamani hazina tundu la HDMI. Umeme ukikatika una A3.

Mwisho wa maelezo usifunge laptopu. Fungua ile picha kubwa halisi, mtu akiuliza "ile pale kwenye kona ni nini" unavuta mnaangalia wote.

Ukipandisha mtandaoni kumbuka picha ni yako lakini mchoro uliomo ni wa mchoraji, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haki inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo mchoraji aliye hai muombe, umtaje jina, na ukitaka kuuza printi mwandikiane, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo kwa ajili ya mambo hayo. Na kwa milango ya nyumba za watu futa taarifa za mahali kwenye faili kabla hujaiweka, kamera za simu zinaandika nukta ya GPS kimya kimya, na mlango wa zamani wenye shaba zake zote una wanunuzi ambao bibi hataki wajue anakaa wapi. Kwenye GIMP wakati wa kutoa JPEG ondoa alama kwenye Exif, XMP na IPTC zote, inatosha.